Kikapu Nilichoazima Kalenga

Wiki iliyopita, siku mliyoniaga ofisini, mlinipa kikapu cha milulu chenye mstari mwekundu unaopinda kutoka kitakoni mpaka ukingoni. Mmoja wenu, sitamtaja, alisimama akawaeleza wageni kwamba ile ndiyo "nakshi ya Mbeya", iliyobuniwa na Idara yetu zamani, enzi za mkoloni. Watu wakapiga makofi. Baadaye akaniuliza kando, "Mama, hivi aliyeibuni hasa ni nani?" Nikamwambia nitaandika. Ndiyo haya.

Vyeo sitaviandika, wala mishahara. Faili langu lipo kabatini, asiye na kazi akalisome.

Niliajiriwa Mbeya mwanzoni mwa miaka ya hamsini, Bibi Maendeleo msaidizi. Jina langu Angetile. Nilikuwa binti wa Kinyakyusa kutoka Rungwe, nimemaliza shule ya wamisheni, najua kushona, kusoma, na kumheshimu kila aliyenizidi sauti. Mkuu wetu alikuwa Mzungu mmoja, mwanamke, tukimwita Memsahibu. Jina lake haliwasaidii kitu. Alikuwa mchapakazi, hilo sitamnyima. Alfajiri ya baridi kali ya Juni ungemkuta tayari uani, anahesabu majembe.

Siku ya kwanza alinikabidhi sanduku la mbao. Ndani mlikuwa na mikasi miwili, nyuzi, sindano za kufumia, mabunda ya sufu, kamba ya kupimia bustani, na kitabu cha picha za maua ya Ulaya tuliyotakiwa kuyadarizi. Nikaenda nalo Iyunga, ambako akina mama walikuwa wamekusanywa na jumbe chini ya paa la kanisa. Somo la kwanza lilikuwa kofia ya birika. Mama mmoja wa Kisafwa, mwenye mtoto mgongoni, aliichukua ile ya mfano akaigeuza geuza.

"Mwalimu, hii ni ya mtoto?"

"Hapana, mama. Ni ya birika."

"Birika linaona baridi?"

"Ni ili chai isipoe."

Akanirudishia. "Kwetu chai ikiwepo haingoji kupoa."

Wenzake walicheka mpaka mtoto akaamka. Mimi sikucheka. Nilidhani wananidharau. Nilichukua muda mrefu kuelewa kwamba alikuwa ameniuliza swali la kweli, na kwamba mwenye jibu la kipuuzi nilikuwa mimi. Hata hivyo walifuma. Mwisho wa mwezi tulikuwa na kofia thelathini na mbili za birika, na katika nyumba zote zile mabirika hayakufika matano.

Mchana tulihamia bustanini. Tulifundisha kabichi na karoti, na alama zilitolewa kwa unyoofu wa mistari. Akina mama wa Iyunga walikuwa na namna yao ya kupanda: maboga chini, mahindi juu, maharage yakiparamia mahindi. Memsahibu aliiita fujo. Mimi nikaandika "fujo" kwenye ripoti, ingawa mama yangu mzazi alilima vivyo hivyo na hatukulala njaa hata siku moja.

Kila kiangazi, mavuno yakishaingia ghalani na barabara zimekauka, tulitumwa safari kwenda upande wa Iringa. Nyinyi mnaosafiri leo hamjui basi lile. Tuliondoka Mbeya na makoti, tukafika Chimala tumeyavua, tukakatiza vumbi la Usangu mpaka nywele zikawa nyekundu, halafu Makambako tukayavaa tena makoti juu ya vumbi. Nilizipenda safari zile. Ndizo zilizonifunza kuangalia. Katika vijiji vya njiani niliona milango ya nyumba iliyokandikwa udongo wa rangi mbili, vibuyu vilivyochorwa kwa moto, hata ua wa mabua uliofungwa kwa mafundo ya mapambo ambayo hakuna aliyeagiza yafungwe. Nilikuwa na fomu ya kujaza katika kila kijiji. Mstari wa saba ulisema: "Kazi za mikono za wenyeji: zipo / hazipo." Memsahibu alikuwa amenielekeza kwamba pasipo na sindano na uzi, jibu ni hazipo.

Kiangazi changu cha kwanza nilipelekwa Kalenga. Jumbe alinionyesha nyumba ya mjane mmoja karibu na mto, mwenye bustani kubwa isiyo na mstari hata mmoja. Aliitwa Bibi Sengimba. Nilimkuta ameketi ukingoni mwa bustani, miguu ameinyoosha, anasuka kikapu. Macho yake yalikuwa kwenye maboga, hayakuwa kwenye mikono.

"Kamwene, Bibi," nilimwamkia kwa Kihehe kidogo nilichokuwa nacho.

"Kamwene, mwanangu. Umetoka wapi na sanduku zito hivyo?"

"Mbeya, Bibi. Nimekuja kufundisha kazi za mikono."

Alikitazama kikapu alichoshika, kisha akakiweka chini taratibu. "Haya, keti. Nifundishe."

Hakuwa ananikejeli. Nilitoa kofia ya birika nikamwonyesha. Aliipokea, akaifuata kwa kidole mshono mmoja mmoja, kisha kidole kikasimama. "Hapa uliruka." Akachukua sindano yake, ambayo ilikuwa waya wa mwavuli ulionolewa kwenye jiwe, akairudisha nyuma sufu yangu na kurekebisha kosa ambalo mwalimu wangu wa misheni hakuliona. Akanipa. Akaendelea na kikapu chake.

Kikapu kile kilikuwa cha milulu, yale majani marefu ya majimajini, yamefungwa vitita na kuzungushwa kama nyoka aliyelala. Ubavuni ulipita mstari mwekundu, unapinda, unakaribia kujigusa, unaondoka. Nilimwuliza nakshi hiyo inaitwaje.

"Haina jina. Ni njia ya konokono. Nilimwona asubuhi juu ya jani la boga."

"Na hiki kingine?" Nyuma yake kulikuwa na kikapu chenye alama nyeusi za mishazari.

"Hiyo ni miguu ya gari lenu. Mlipita mwaka jana mkaniachia njia imepambwa."

Nilimwambia kwa kitabu chetu nakshi huchaguliwa kwanza, ndipo mtu anashona. Akafikiri. "Sasa usipoona kitu siku hiyo unafanyaje?" Kisha akaingia ndani akatoka na kikapu kilichokamilika, akakijaza maji kutoka mtungini, akakining'iniza juu ya goti langu. Hakikudondosha hata tone. Mjukuu wake, Veronika, msichana wa miaka kumi na mitano hivi aliyelelewa naye tangu mama yake afariki, alisimama mlangoni akifurahia uso wangu.

Jioni ile nilijaza mstari wa saba: zipo. Memsahibu alipoisoma fomu alikata neno langu kwa wino mwekundu, akaandika juu yake: hafifu.

Viangazi vitatu nilirudi Kalenga. Kazi ya Idara niliimaliza haraka, na siku zilizobaki nilikaa kwa Bibi Sengimba. Yeye ndiye mwalimu wangu, na nitawaandikia alichonifundisha kwa sababu hakimo katika vitabu vyenu. Milulu ikatwe mvua zikishaacha kabisa, si kabla. Ikikatwa bado laini, kikapu hulegea mwaka wa pili. Ianikwe kivulini. Rangi nyekundu hutoka kwenye mizizi inayochemshwa kutwa nzima, na chungu hicho usipikie tena chakula. Mikono iwe mibichi wakati wote. Ukiwa na hasira weka kazi chini, kwa sababu utavuta sana na kikapu kitapinda upande mmoja. Ukingo ndio mtihani. Mtu yeyote mwenye subira anaweza kuzungusha ubavu, lakini ukingo wa Bibi Sengimba ulikunjwa mara tatu kwa kurudi nyuma, na ncha ya mwisho ilipotelea ndani usiione ilikoingia. Hakumfundisha mtu mwingine mkunjo ule. Veronika alikuwa bado anafundishwa ubavu.

"Mbona mimi nimefika ukingoni kabla yake?" nilimwuliza.

"Yeye yupo hapa siku zote," alisema. "Wewe unaondoka."

Kiangazi cha tatu alianza kikapu kikubwa, na kilipofika cha nne kilikuwa kimekwisha. Kilikuwa cha harusi ya Veronika. Katika ukoo wao, bibi humsukia mjukuu wa kike kikapu cha kupelekea unga kwa mama mkwe siku ya kwanza, na unga hupokelewa pamoja na kikapu chake. Veronika alikuwa ameposwa na kijana wa upande wa Tosamaganga, fundi seremala, na ndoa ilikuwa ifungwe kanisani mwezi wa Septemba. Juu ya kikapu kile alikuwa amemrudisha konokono, lakini sasa mstari haukukatika popote. Ulianzia kitakoni na kuzunguka mpaka juu, pumzi moja.

Mwaka huo kulikuwa na maonyesho Mbeya. Mgeni mkubwa wa serikali angekuja na mkewe. Memsahibu alitaka meza ya kazi za mikono, na mezani tulikuwa na nini? Kofia za birika. Nikamfikiria Bibi Sengimba. Ningependa kuwaambia kwamba nilitaka haki itendeke, kwamba nilitaka lile neno "hafifu" lifutwe. Hilo lilikuwemo. Lakini lilikuwemo na lingine, nalo lilikuwa kubwa zaidi. Nilitaka Memsahibu aone kwamba aliyekigundua ni mimi.

"Hiki si cha kuonyeshwa," Bibi Sengimba alisema. "Ni cha Veronika."

"Ni siku tatu tu, Bibi. Nakibeba mwenyewe, nakirudisha mwenyewe."

"Mwenyewe?"

"Mwenyewe."

Veronika alikuwa anapepeta maharage. Akasema bila kuinua kichwa, "Bibi, mpe kile cha magari." Bibi yake akakigeuza mara moja mikononi. Nadhani alitaka, kama mtu yeyote anayefanya kitu vizuri, kionekane na watu walio mbali mara moja tu kabla hakijaanza kutumika. Alikifunga katika kaniki yake mpya akanikabidhi kwa mikono miwili. Nilikipakata ndani ya basi kutoka Iringa mpaka Mbeya, na Usangu nilikifunika kwa koti langu.

Siku ya maonyesho kikapu kiliwekwa katikati ya meza. Nilikuwa nimeandika kadi: "Bibi Sengimba, Kalenga." Asubuhi nilipofika uwanjani kadi ilikuwa nyingine, imepigwa chapa: "Kazi ya Wanafunzi wa Idara." Niliisoma. Nikaiacha pale pale. Nilijiambia kadi ni kadi.

Mke wa mgeni mkubwa alizitazama kofia za birika kwa adabu, kisha akafika kwenye kikapu na adabu ikamtoka. Alikishika, akakizungusha, akaufuata mstari kwa kidole chenye glavu. Akamwuliza Memsahibu kwa Kiingereza ni nani aliyekifanya. Kiingereza changu kilitosha kabisa kuelewa swali. Memsahibu akageuka, akaninyooshea mkono, akasema mimi ndiye mwanafunzi wake wa kwanza na kwamba nimefunzwa hapa hapa Mbeya. Haukuwa uongo ukiusikiliza kwa makini. Yule mama akaushika mkono wangu kwa mikono yake miwili, akanipongeza. Kulikuwa na watu wengi wanatazama, kulikuwa na mpiga picha, na kulikuwa na nafasi ya kusema maneno matatu: "Si mimi, mama."

Nikasema, "Asante."

Memsahibu akachukua kikapu akampa yule mama kiwe zawadi. Akakipokea, akampa dereva wake, dereva akakipeleka kwenye gari. Ile kaniki ilibaki chini ya meza.

Nilimfuata Memsahibu alipokuwa anakunja vitambaa.

"Memsahibu, kikapu kile kina mwenyewe."

"Nani?"

"Yule bibi wa Kalenga. Nilikiazima. Ni cha harusi ya mjukuu wake."

Alinitazama kama mtu aliyekumbushwa mvua wakati jua linawaka. "Ambia yeye fanya ingine. Kule majani iko mingi." Kisha, kwa sababu hakuwa mtu mbaya moyoni, na hilo ndilo linaloniudhi mpaka leo, akaongeza, "Mimi tapeleka yeye zawadi."

Zawadi ilikuwa birika la bati na kofia yake ya sufu.

Nilinyimwa ruhusa ya kuondoka. Siku tatu zikawa wiki tatu. Nilipofika Kalenga, na kaniki ndani yake mna birika, ilikuwa siku moja kabla ya ndoa. Uani palijaa wanawake wanatwanga na kupika. Bibi Sengimba aliniona kwa mbali, akaacha alichokuwa anafanya, akaja kunipokea mzigo. Alipoushika tu alijua kwa uzito. Aliufungua hata hivyo, mbele ya watu, kwa kuwa asingeweza kuufunga tena bila kuulizwa.

"Kikapu kiko wapi?"

Nilimweleza yote. Lugha ilinipiga chenga, nikachanganya Kiswahili na Kinyakyusa, lakini nilimweleza. Sikuruka kitu. Alinisikiliza amelishika birika kwa mpini.

"Na alipokushika mkono," aliniuliza, "wewe ulisema nini?"

"Nilisema asante, Bibi."

"Asante ya nini?"

Wanawake waliokuwa wanatwanga waliacha, kisha mmoja akaanza tena, taratibu.

"Kwa hiyo huko kinakoenda," alisema, "kinakwenda kikiwa chako."

Akaweka birika juu ya kinu, akaenda bustanini, akainama akang'oa magugu katika tuta ambalo halikuwa na magugu. Sikumfuata. Veronika ndiye aliyekuja kwangu. Nilitegemea anitukane, mtu anajiandaa kwa matusi. Aliniuliza tu kama ninalala pale au narudi mjini, ili ajue aongeze ugali.

Kesho yake baada ya kanisa Veronika alipeleka unga kwa mama mkwe wake katika karai la bati lililoazimwa kwa jirani. Nilikuwa katika msafara ule, nyuma kabisa. Mama mkwe alilipokea, akaangalia chini ya unga, akaangalia pembeni, kisha akawaambia wenzake kwa sauti ya kawaida, "Nilisikia bibi yake ni msusi." Vigelegele vilipigwa. Unga ukamiminwa kwenye chungu, na karai likarudishwa kwa mwenyewe siku hiyo hiyo.

Mwaka mzima uliofuata nilisuka. Milulu niliitafuta mwenyewe kwenye majimaji, nikaikata wakati wake, nikachemsha mizizi, nikaunguza vidole. Nilikibomoa mara mbili kilipopinda. Nilikunja ukingo mara tatu kwa kurudi nyuma, nikaipoteza ncha. Kiangazi nikakipeleka Kalenga, nikakiweka miguuni pa Bibi Sengimba bila maneno.

Alikichunguza kama alivyoichunguza ile kofia ya birika siku ya kwanza. Hakukuta mahali niliporuka. Akakijaza maji. Hakikuvuja.

"Umejua," alisema.

"Ni cha Veronika, Bibi."

"Veronika ameshaolewa. Unga hupelekwa mara moja." Akamwaga maji, akakikung'uta. "Lakini ni kikapu kizuri. Ninayo kazi ya kukipa."

Akakibeba mpaka zizini, akakijaza samadi ya ng'ombe kwa koleo, akaipeleka bustanini, akarudi, akajaza tena. Nilisimama pale nikihesabu mizunguko. Hakufanya kwa hasira. Alikuwa na kazi ya samadi, na kikapu kilikuwa imara. Nilipomwuliza anasuka nini mwaka ule, alisema hasuki tena. Ndani ya nyumba niliyaona mafungu ya milulu aliyokuwa amekata. Alikuwa akiyatumia kufungia maharage kwenye vijiti.

Wakati huo huo barua ilikuwa imefika ofisini kutoka kwa yule mama wa maonyesho. Marafiki zake walitaka vikapu kama kile, vingi, vyote sawa. Memsahibu alifurahi kuliko nilivyowahi kumwona. Tukafungua mafunzo Iringa mjini, na mwalimu nikawa mimi, maana nani mwingine alijua? Kipimo kimoja, rangi moja, konokono yule yule kwa kila mtu. Nakshi ilihitaji jina la kuandika kwenye lebo. Memsahibu akaandika "Mbeya". Nilikuwepo. Nilimtajia Kalenga, naye akasema ofisi iko Mbeya, na nikaona kwamba kwa upande wa ofisi hiyo ni kweli.

Akina mama walisuka vizuri. Mmoja aliwahi kuniuliza kama anaweza kuweka mstari wa mlima aliouona akija njiani. Nilimwambia hapana, vitarudishwa. Nilimwambia hivyo kwa sauti ya Memsahibu kabisa, na yeye akakubali kama nilivyokuwa nikikubali mimi.

Mwaka wa pili wa mafunzo, kiangazi, Veronika aliingia darasani. Alikuwa na mtoto mgongoni. Aliniamkia "Shikamoo, mwalimu," akaketi mbele. Alijiandikisha kama wengine. Siku ya kwanza na ya pili alisuka ubavu bila kuuliza kitu, mikono ya bibi yake ile ile, macho dirishani. Mimi nilifurahi, nawaambia kweli. Nilijiona nimepewa nafasi. Nilifikiri: nitamfundisha ukingo, nao utakuwa umerudi nyumbani.

Siku ya tatu asubuhi nikafundisha ukingo. Nilisimama karibu naye nikaenda polepole, mkunjo wa kwanza, wa pili, wa tatu, ncha ikapotea. Yeye akafanya wake. Ulikuwa safi kuliko wangu. Aliuangalia kwa muda. Kisha akachukua waya, akaitafuta ile ncha, akaivuta, akaufumua ukingo wote mbele yangu mpaka milulu ikatawanyika mapajani mwake.

"Veronika, unafanya nini?"

"Bibi alinituma nije nione kama umekumbuka vizuri," alisema. "Umekumbuka. Basi."

Alifunga mtoto, akasimama. Nilimfuata nje mpaka barabarani.

"Mwambie Bibi nitakuja. Mwisho wa wiki nakuja."

"Bibi tumemzika, mwalimu. Mvua za mwaka jana zilikuwa hazijaanza."

Nilisema pole, nikasema kwa nini hamkuniambia, nikasema mengi. Alingoja nimalize. Nilimwambia, nikimsihi sasa, arudi ndani ajifunze, kwa kuwa nikifa mimi mkunjo ule utabaki katika vikapu vya lebo tu.

"Mimi nina cherehani," alisema Veronika. "Mume wangu alininunulia. Nashona nguo za watoto, za rangi yoyote wanayotaka." Akampandisha mtoto vizuri mgongoni. "Milulu siitaki, mwalimu. Usinione vibaya."

Akaondoka kwa miguu kuelekea Kalenga. Mimi nikarudi darasani, kwa kuwa somo lilikuwa halijaisha.

Kabla miaka ya hamsini haijamalizika Memsahibu alirudi kwao, na mimi nikaomba kuhamishiwa upande wa bustani. Huko ndiko mlikonikuta, na huko ndiko nilikostaafia, kwenye kabichi na miche ya matunda. Wengi wenu mmekuwa mkiniuliza kwa nini mtu aliyejua kusuka hivyo hakufundisha tena. Katika barua ya maombi niliandika kwamba macho yangu yamedhoofika. Idara ilikubali bila kunipeleka kwa daktari. Macho yangu hayakuwa na neno. Mpaka leo natunga uzi kwenye sindano bila miwani.